Ngoma ya Sikio Ikitoboka: Unachopoteza na Unachoweza Kuokoa

Mtu mzima akiambiwa na daktari kwamba ngoma ya sikio lake imetoboka, mara nyingi huangukia upande mmoja kati ya miwili. Kuna anayetoka chumba cha daktari akiamini sikio limekwisha, na kuna anayesema ni katundu tu, akaendelea kuogelea, kuchokonoa na kutia mafuta ya nazi. Wote wawili wanahitaji kulijua jambo lile lile: tundu lenyewe, likiwa kavu na likiwa peke yake, haliwezi kuchukua usikivu wote. Kiasi linachoweza kuchukua kina mpaka. Ukiona umepoteza zaidi ya hapo, kuna kitu kingine kinachoharibika nyuma ya tundu, na hicho ndicho cha kuwahiwa.

Ngoma ya sikio ni utando wenye upana wa milimita 9 hivi na unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Nyuma yake kuna chumba kidogo cha hewa, yaani sikio la kati, chenye vifupa vitatu vilivyoungana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, hakizidi sana milimita 3. Sauti ikiigonga ngoma, vifupa hivyo huupokea mtikisiko na kuusukuma hadi sikio la ndani, ambalo limejaa maji. Kazi ngumu iko hapo, kwa sababu sauti iliyosafiri hewani ikikutana na maji hudunda, sehemu yake kubwa ikarudi ilikotoka. Ili isirudi, nguvu inayokusanywa na ngoma yote hukandamizwa kwenye kidirisha cha kikuku, ambacho eneo lake ni dogo kuliko la ngoma karibu mara 17. Vifupa navyo huongeza kidogo kwa kufanya kazi ya wenzo. Jumla yake, shinikizo linalofika ndani huzidi mara 20 lile lililoigonga ngoma.

Ngoma hutikisika kwa sababu shinikizo la mbele yake si sawa na la nyuma. Ni kama tanga la jahazi: upepo hulisukuma kwa kuwa umebanwa upande mmoja, na tanga likichanika upepo hupenya, chombo kikapungua mwendo. Tundu kwenye ngoma huruhusu sauti ipenye hadi nyuma yake, pande mbili zikaanza kulingana, na utando ukakosa cha kuusukuma. Sauti nzito ndizo zinazopenya kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ndizo zinazopotea kwanza: ngurumo ya lori, besi ya muziki, sauti nzito ya mwanamume. Mluzi na mlio wa kengele ndogo huathirika kidogo.

Ukubwa wa tundu ndio unaoamua mengi. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mahali lilipo tundu ndipo penye uzito, hasa likiwa nyuma kwa chini, lakini vipimo makini vimeonyesha kuwa ukubwa una nguvu zaidi. Kuna pia jambo ambalo mgonjwa haambiwi mara nyingi: chumba cha hewa nyuma ya ngoma hutofautiana kati ya mtu na mtu, na mwenye chumba kidogo hupoteza zaidi kwa tundu lile lile. Ndiyo maana si haki kujilinganisha na jirani yako aliyetoboka sikio na bado anasikia kila umbea wa mtaa.

Sasa tuweke namba. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni kama 60. Tundu dogo hupunguza desibeli chache, pengine 10 au 15. Utaona minong'ono inakupita, mazungumzo unayapata. Tundu kubwa, lililokula sehemu kubwa ya ngoma, linaweza kupunguza 30 hadi karibu 40. Hapo mtu anayezungumza nawe kawaida atakufikia akiwa chini ya mnong'ono. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia desibeli 20 hadi chini ya 35 kuwa mdogo, na 35 hadi chini ya 50 kuwa wa wastani. Huo wa wastani hauitwi uziwi mkubwa kwenye vitabu, ila kwa mwalimu, kondakta au muuza duka unatosha kumharibia kazi.

Mpaka huu haukugunduliwa jana. Mwaka 1800 daktari mpasuaji wa London, Astley Cooper, aliwaeleza wanasayansi wenzake habari za mwanafunzi wa udaktari aliyepoteza ngoma yote ya sikio moja na sehemu ya ngoma ya sikio la pili, lakini bado aliweza kushiriki mazungumzo ya kawaida na wenzake. Wakati huo wengi waliamini kwamba ngoma ikienda, usikivu wote umekwenda. Mwaka uliofuata Cooper alipewa nishani ya Copley kwa kazi hiyo.

Mwenye tundu tu husikia kwa namna yake, na ukiijua utajitambua. Sauti humfikia ikiwa imepungua, lakini haijavurugika. Mwambie kwa sauti ya juu kidogo na ataelewa kila neno, kwa kuwa konsonanti kama s, f na t zinabebwa na sauti nyembamba, na sikio lake la ndani ni zima. Anayeharibika sikio la ndani kwa uzee au kelele za mashine hulalamika kinyume chake: "Nasikia unaongea, lakini sishiki maneno." Huyo ukimpandishia sauti utamuumiza tu. Tena sikiliza jinsi mtu mwenyewe anavyoongea. Mwenye kasoro ya ngoma au vifupa huisikia sauti yake mwenyewe vizuri, pengine kupita kiasi, kwa hiyo huzungumza kwa upole. Wa sikio la ndani hupiga kelele bila kujua.

Tundu likiwa sikio moja tu, lile zima hufunika upungufu huo. Wengi hugundua siku wanapolalia sikio zima na kukosa kusikia simu, au wanapoweka simu upande wa pili na kudhani mtandao ni mbovu. Kinachopotea mapema ni kujua sauti inatoka wapi. Unasikia honi ya bodaboda, unageukia upande usio wake. Kama unaendesha chombo au unafanya kazi karibu na mitambo, upungufu huo ni wa kuchukuliwa kwa uzito hata kama kwenye mazungumzo unajiona sawa.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya hapo ulipokaa, kama tatizo liko sikio moja. Funga mdomo, uvume "mmm" kwa sauti nzito, taratibu, kisha usikilize mvumo unakaa wapi. Ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, dalili ni kwamba kasoro iko njiani: ngoma, vifupa, usaha au nta. Ukisikika zaidi kwenye sikio zima, huenda sikio la ndani la upande mbovu limeguswa. Daktari hufanya jambo hilo hilo kwa uma wa chuma anaougonga na kuuweka katikati ya paji la uso. Kipimo cha nyumbani hakimwondoi daktari. Kazi ya kipimo hicho ni kukuambia uharakishe kiasi gani. Sikio lililopoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, na mvumo ukaenda upande mzima, ni la dharura. Tiba yake huwa na matumaini zaidi ikianza siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Nawasikitikia watu wanaokaa mwezi mzima wakinunua dawa ya nta kwa sikio la namna hiyo.

Ni nini basi kinachochukua usikivu kupita tundu lenyewe? La kwanza ni vifupa kuachana, kwa ajali ya kichwa au kwa usaha wa miaka uliokula ncha ya fuawe. Vipimo vikionyesha upungufu wa desibeli 50 na sikio la ndani ni zima, daktari makini hawezi kulaumu tundu peke yake. La pili ni kolesteatoma, jina gumu la jambo linaloeleweka: ngozi ya nje inaota mahali isipotakiwa, ndani ya sikio la kati, inakusanya taka zake na kutafuna mfupa polepole. Haiumi mwanzoni. Dalili yake kubwa ni usaha kidogo lakini wenye harufu mbaya sana, usiokoma kwa dawa. Ikiachwa hufika kwenye mshipa wa fahamu wa uso, kwenye sikio la ndani, hata kwenye ubongo. Hii haina dawa ya matone, ni upasuaji. La tatu ni maambukizi ya muda mrefu yenyewe, ambayo sumu zake hupenya taratibu hadi sikio la ndani na kuongeza uziwi usiorudi. Na katika nchi zetu tusisahau kifua kikuu, ambacho huweza kushika sikio: usaha usio na maumivu, usiosikia dawa za kawaida, pengine ngoma yenye matundu zaidi ya moja.

Kwa watu wazima matundu mengi ni mabaki ya utotoni: sikio lililotoa usaha shule ya msingi, likakauka, likasahaulika. Mengine ni mapya. Kofi la sikioni huongoza, na huwa sikio la kushoto zaidi kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia. Kiganja kikiziba tundu la sikio, hewa iliyobanwa ndiyo inayopasua. Kuna vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, funguo na unyoya wa kuku, hasa mtu akigongwa kiwiko huku anachokonoa. Kuna cheche ya fundi wa kuchomelea inayodondokea sikioni, na hiyo ni mbaya kwa sababu inaunguza kingo za tundu na kuzinyima damu ya kuponea. Mlipuko nao hupasua, uwe wa baruti machimboni au baharini kwa wanaovua kwa njia hiyo haramu.

Aliyepigwa na akapata maumivu makali ya ghafla, mlio sikioni, damu kidogo na usikivu kuziba, aende akatazamwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Sababu ya kwanza ni tiba. Ya pili ni ushahidi: tundu jipya lina kingo zilizochanika na alama za damu, na daktari anaweza kuandika hivyo, lakini baada ya wiki kadhaa hakuna awezaye kulitofautisha kwa uhakika na la zamani. Tanzania utahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, Kenya ni P3. Omba kipimo cha usikivu kifanyike na matokeo yaandikwe, si tundu tu. Nawaambia hivi hasa wale waliopigwa na mwenzi nyumbani, ambao husema walianguka bafuni. Kulitibu sikio ni haki yako hata kama bado hujaamua la kufanya kuhusu mengine.

Habari njema ni kwamba tundu jipya la kofi au kijiti hujifunga lenyewe kwa watu wengi, takribani wanane au tisa kati ya kumi, ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Kazi yako ni kutolizuia. Usitie dawa yoyote kwenye sikio lililotoboka likiwa kavu. Usiingize maji. Usipenge kamasi kwa nguvu; ukipiga chafya, fungua mdomo. Usiondoe damu iliyoganda. Hata daktari asiyekupa kitu zaidi ya dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi anaweza kuwa amekutibu vizuri. Ila kizunguzungu kikali kisichotulia, kutapika, uso kupinda au uziwi mkubwa baada ya pigo ni vya kwenda hospitali kubwa usiku huo huo.

Sikio linalotoa usaha ni habari nyingine, na hapa ndipo nyumbani kunaharibiwa mengi na kunaokolewa mengi. Usaha wenyewe huziba sauti juu ya upungufu wa tundu, kwa hiyo kulikausha tu hurudisha usikivu fulani. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini ya chooni iliyo imara. Kata kipande chembamba, kisokote kwa vidole viwili hadi kiwe utambi wenye ncha, bila kijiti ndani. Vuta sikio lako juu na nyuma, ingiza ncha polepole hadi ikwame yenyewe, ngoja ilowe, itoe, itupe. Weka mwingine. Endelea hadi utambi utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Nawa mikono kabla na baada.

Baada ya kukausha ndipo dawa ya matone ya daktari inapokuwa na njia. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, kwa kuwa matone baridi yakipita kwenye tundu huleta kizunguzungu. Lala ubavu, sikio bovu juu. Tia matone, kisha bonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani, ukae hivyo dakika tano. Ukihisi uchungu wa dawa kooni usishtuke; imepita kwenye tundu ikashuka kwa mrija unaounganisha sikio na koo.

Soma boksi kabla ya kutia. Matone yenye gentamicin au neomycin yanauzwa kwa urahisi sana katika maduka ya dawa, na dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru sikio la ndani zikipita kwenye tundu. Yenye ciprofloxacin au ofloxacin ni salama zaidi kwa ngoma iliyotoboka, na kwa usaha wa muda mrefu matone hayo yaliyotiwa baada ya kukausha hufanya kazi kuliko vidonge vya amoxicillin wanavyopewa watu mara kwa mara. Spiriti, hapana. Maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, mafuta ya moto, mkojo: hapana zote, hata kama bibi yako alizitumia na akapona. Usaha ukizidi wiki mbili, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Kenyatta Nairobi wana idara hiyo, na hospitali nyingi za mikoa huweza kukuandikia rufaa.

Maji huulizwa sana. Unapooga, chukua pamba, ipake mafuta mazito kama Vaseline, uzibe mlango wa sikio, kisha uitoe mara umalizapo. Pamba kavu peke yake hunyonya maji na kuyaweka pale pale. Anayetawadha na kupaka masikio kwa vidole vyenye unyevu hana tatizo kiafya, mradi maji yasitiririke ndani. Kwa josho, mweleze shehe wako daktari amekukataza nini, akuelekeze. Kuzamia ndiko nisikokukubali hata kidogo. Ukishuka mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, na ngoma nyingi hupasuka mapema kuliko hapo, katika mita chache za mwanzo. Maji baridi yakiingia ghafla kwenye sikio la kati huzungusha kichwa kiasi cha mtu kutojua juu ni wapi na chini ni wapi. Mzamiaji wa kambakoche au majongoo bahari mwenye tundu la ngoma anaweza kufa kwa dakika moja ya kizunguzungu, na watu wa pwani wanapaswa kuambiana hivyo waziwazi. Ndege, kwa upande wake, haina shida: tundu lililo wazi husawazisha hewa lenyewe.

Tundu lisipojifunga baada ya miezi mitatu, au likiwa la zamani, upasuaji wa kuziba upo. Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1640 Mjerumani Marcus Banzer alieleza jinsi ya kuziba kwa kibomba cha pembe ya ndovu kilichofunikwa kibofu cha nguruwe. Upasuaji wa kisasa ulianza Ujerumani miaka ya 1950 kwa kazi ya Wullstein na Zöllner. Leo daktari huchukua utando wa mgonjwa mwenyewe, unaofunika msuli wa juu ya sikio, au kipande cha gegedu, akakiweka kama kiraka. Kwa mikono yenye uzoefu, tundu hufungwa kwa wagonjwa wanane au tisa kati ya kumi. Uliza maswali mawili kabla ya kukubali: vifupa vyangu ni vizima? Na sikio langu la ndani linasikia kiasi gani? Majibu yake ndiyo yanayokuambia utapata usikivu au utapata sikio kavu tu. Sikio kavu nalo lina thamani kubwa, ila ni vyema ulijue kabla hujalipa. Uvutaji sigara hupunguza nafasi ya kiraka kushika. Baada ya upasuaji hakuna kupenga, hakuna kubeba mizigo mizito, na ndege ni mpaka daktari aseme.

Asiyeweza kupasuliwa, au anayesubiri zamu, asikae bila kusikia. Kifaa cha kusaidia kusikia hufanya kazi vizuri sana kwa kasoro ya namna hii, kwa kuwa sikio la ndani ni zima na linahitaji sauti iongezwe tu. Shida yake ni kwamba kinachoziba mlango wa sikio huleta unyevu na usaha kurudi. Kwa sikio linalolowa mara kwa mara kuna vifaa vinavyopitisha sauti kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, vikaacha njia wazi. Wakati huo huo kaa mkutanini ili watu wawe upande wa sikio zima, na uwaambie wenzako kazini kwa nini. Wengi wanaodhaniwa wana majivuno kwa kutoitika ni watu wa sikio moja ambao hawajasema.

Sikio likishapona, kwa kujifunga au kwa kiraka, rudi kupima usikivu baada ya miezi mitatu hivi. Likibaki na tundu, pima kila mwaka hata kama hulalamiki. Omba nakala ya karatasi ya kipimo yenye mistari na uiweke faili moja na zilizotangulia, kwa sababu daktari atakayekuona miaka mitano ijayo atahitaji kuona mstari ulikuwa wapi.